Mtoto njiani ale nini? Kutoka vibanda vya Nyasubi hadi Kigali na Kampala

Kahama ni mji wa wapitaji. Malori yanayopakia bandarini Dar es Salaam hufika hapa baada ya Nzega, Tinde na Isaka, kisha huendelea Ushirombo, Runzewe na Nyakanazi. Kutoka huko njia hugawanyika: moja inakwenda Kigoma, nyingine Rusumo na Kabanga kwenye mipaka ya Rwanda na Burundi, na nyingine inapanda Biharamulo na Bukoba hadi Mutukula, mlango wa Uganda. Kwa mkazi wa kata ya Nyasubi, hapa Kahama, kwenda nje ya nchi hakuhitaji uwanja wa ndege. Ni tiketi ya basi, mkoba wa nguo, hati ya kusafiria na usiku mmoja barabarani.

Safari hizo zina watoto. Likizo ya Juni au ya Desemba ikifika, wanapelekwa kwa shangazi Bujumbura au kwa bibi Masaka. Mama anayefuata mzigo Kampala anambeba mgongoni anayenyonya kwa sababu hakuna wa kumwachia. Na wapo wanaokuja kwa upande wa pili: familia za Warundi, Wanyarwanda na Wakongo zinazoshuka kwenda Dar es Salaam hupumzika Kahama, na watoto wao hula kwenye vibanda vyetu. Kwao ng'ambo ni hapa.

Basi likisimama, madirisha hujaa mikono kabla injini haijazimwa. Mayai ya kuchemsha, karanga, mahindi ya kuchoma, mihogo, ndizi, vipande vya nanasi ndani ya nailoni, soda zinazochuruzika maji ya barafu. Mtoto aliamshwa saa kumi alfajiri, hajatia kitu tumboni, analia. Konda anahimiza watu wapande. Uamuzi wa mtoto ale nini unafanywa hapo hapo, na mara nyingi unafanywa kwa kipimo kibovu.

Kipimo chenyewe ni kule kugawa chakula mafungu mawili: cha mtaani ni hatari, cha hotelini ni salama. Wazazi wengi wenye uwezo hushika hilo na kumpitisha mtoto mbele ya chapati inayotoka kikaangoni, wakaenda kumlisha wali uliokaa kwenye sinia la chuma tangu saa nne asubuhi, kwa kuwa tu sinia hilo lipo kwenye jengo lenye vioo. Chapati ile ilikuwa salama zaidi. Chakula hakipati usafi kutoka kwenye kuta za jengo. Kinachoamua ni muda uliopita tangu kitoke motoni, mikono iliyokigusa baada ya hapo, na maji yaliyokipitia. Hayo matatu mzazi anaweza kuyaona kwa macho yake hata akiwa na haraka, na ndiyo ninayotaka kuyaeleza, kwa sababu gharama ya kutoyajua huwaangukia wadogo.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa makadirio yake ya kwanza ya dunia nzima kuhusu magonjwa yatokanayo na chakula. Watu milioni 600 huugua kila mwaka, 420,000 hufa, na kati ya hao waliokufa 125,000 ni watoto wenye umri chini ya miaka mitano. Watoto wa umri huo ni asilimia 9 tu ya watu wote duniani, lakini wanabeba karibu theluthi moja ya vifo. Mtu mzima akiharisha mara sita kwa siku atachoka na kulalamika. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anaweza kuishiwa maji mwilini kabla basi halijafika kituo kinachofuata.

Wali wa saa nane

Nianze na wali, maana hapa ni nchi ya mpunga. Kagongwa, kilomita chache kabla ya kuingia Kahama mjini, inajulikana nchi nzima kwa mchele wake, na hakuna kibanda cha mama lishe kisicho na sufuria la wali. Mzazi akimwagizia mtoto wali kwa maharage anaona amemchagulia chakula kipole kisicho na shida. Kwa kawaida yuko sahihi, mradi ajue saa.

Ndani ya mchele mkavu hukaa bakteria aitwaye Bacillus cereus. Anajifunga kwenye kijigamba kigumu, na kijigamba hicho hakifi kwa kuchemka. Wali ukiiva na kuliwa ukiwa moto hana nafasi ya kufanya lolote. Wali ukiachwa ndani ya beseni lililofunikwa kitambaa, ukapoa polepole kwenye joto la mchana, anafunguka, anazaliana na kutoa sumu. Sumu hiyo haiondoki kwa kupasha moto tena. Kwa hiyo mama lishe anayeuchota wali wa asubuhi saa nane mchana na kuupitisha haraka kwenye kikaango cha mafuta hajaurudishia usalama wake. Ameupa joto tu. Mtoto ataanza kutapika baada ya saa moja hadi sita, yaani mko katikati ya pori, mbali na zahanati.

WHO inashauri chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na kinachosubiri kuliwa kiwe na joto linalozidi nyuzi 60. Hakuna anayebeba kipimajoto kwenda stendi, lakini mvuke unaonekana. Wali unaotoka kwenye sufuria lililo juu ya mkaa, au kwenye hotipoti iliyofungwa vizuri, unafuka moshi ukichotwa. Ule usiofuka, mwachie. Muulize anayekupakulia, kwa heshima inayomstahili mama: "Mayu, huu umeiva saa ngapi?" Wengi watakuambia kweli, na wengi wataongeza kwamba kuna mwingine jikoni unakaribia. Subiri huo.

Kanuni hiyo hiyo inamhusu samaki. Sato aliyekaangwa asubuhi akapangwa kwenye sinia mbele ya kibanda anaonekana mzuri, na nzi nao wanamwona hivyo. Omba mwingine akaangwe kwenye mafuta yanayochemka, mpaka ndani kabisa, mbele yako.  Mishkaki nayo iangaliwe kwa jicho lingine: nyama mbichi na iliyoiva zinalala kwenye sinia moja? Kisu kinachokata mbichi ndicho kinachokata iliyoiva? Pasua kipande kimoja katikati kabla hujampa mtoto. Kikiwa na wekundu, kirudi motoni. Kwa kitimoto sina mjadala: kwa mtoto iwe imekauka na kuiva hadi katikati, la sivyo asile, kwa sababu nyama ya nguruwe isiyoiva ndiyo njia ya minyoo ya tegu.

Yai na maganda yake

Yai la kuchemsha ni chakula bora cha safari. Lina protini, linashibisha, na Mungu amelifunga mwenyewe. Tatizo linaanza pale muuzaji anapolimenya, akalipasua kwa kisu alichofutia kwenye kitambaa, na kulijaza kachumbari ya nyanya na vitunguu iliyokaa kwenye kopo tangu asubuhi. Kachumbari ni mbichi, imeoshwa kwa maji usiyoyajua, na imeguswa na vidole vilivyopokea noti na sarafu siku nzima. Nunua yai likiwa na maganda yake. Nawa mikono, mmenyee mtoto mwenyewe, chumvi uwe nayo kwenye karatasi ndani ya mkoba.

Ukishaelewa kwa nini yai la ganda ni salama, umeelewa nusu ya vyakula vyote vya barabarani. Ndizi unaimenya mwenyewe. Chungwa uliombe zima. Wauzaji wengi hulimenya mapema likakaa juani. Embe lioshe kwanza, maana kisu kinachopita kwenye ganda chafu hupeleka uchafu kwenye nyama ya tunda. Mahindi ya kuchoma yanayotoka kwenye jiko la mkaa ni salama, ila mkatalie muuzaji asipitishe ile ndimu na pilipili aliyochovya kwa wateja wote. Karanga zilizokaangwa ni nzuri kwa mtoto mkubwa. Zilizobadilika rangi, zenye ukungu au ladha chungu zitupwe, na walio chini ya miaka mitano wasipewe karanga nzima kabisa, hasa ndani ya gari linalorukaruka, kwa hatari ya kupaliwa. Chipsi zikitoka kwenye mafuta ya moto hazina neno. Kinachoziharibu ni kachumbari ya pembeni, na ile chupa ya tomato inayoongezwa maji kila ikikaribia kuisha.

Tunda lililokatwa na kupangwa, tikiti na nanasi na papai, ndilo linalowavutia watoto kuliko yote, kwa rangi na kwa ubaridi. Ndilo pia ninalolikataa bila kusita. Limekatwa na mkono usioujua, likanyunyiziwa maji ili ling'ae, na sukari yake inawalisha vijidudu jua zima. Nunua tunda zima na uwe na kisu chako.

Kikombe cha Kampala

Wazazi huogopa chakula kuliko kinywaji. Ningependa wageuze.

Mwanzoni mwa mwaka 2015 jiji la Kampala lilipata mlipuko mkubwa wa homa ya matumbo, yaani taifodi. Hadi kufikia Juni waliohisiwa kuugua walikuwa wamepita 10,000. Wachunguzi walipofuatilia walikokula na walichokunywa wagonjwa, njia ziliwapeleka katikati ya jiji, kwa wauzaji wa maji na juisi za barabarani. Maji yaliyotumika kutengeneza vinywaji hivyo yalikuwa na vijidudu vya kinyesi. Maelfu ya watu waliugua kwa kutafuta kitu baridi cha kuzima kiu mchana wa jua.

Katikati ya jiji lile ndiko wafanyabiashara wetu wa Kahama wanakofuata nguo na vipuri. Na juisi kama zile zipo kila stendi ya ukanda huu: ya pasheni, ya ukwaju, ya miwa, ya ubuyu, na maji yaliyofungwa kwenye vifuko vya nailoni. Tunda lenyewe halina hatia. Maji ya kuchanganyia na barafu ndivyo vyenye shaka, na barafu haiui vijidudu; inavihifadhi. Mtoto apewe maji ya chupa ambayo kizibo chake kimelia mkononi mwako ulipokifungua, au maji uliyochemsha nyumbani. Maji yakichemka kwa nguvu dakika moja yanatosha kwa miinuko ya Kahama, Kigali na Kampala. Chai ya maziwa iliyochemka mbele yako ni kinywaji kizuri kwa mtoto wa shule, ikipozwa kwa kuachwa tu, si kwa kumiminiwa maji baridi. Maziwa mabichi asiguse, hata kama muuzaji anaapa yamekamuliwa alfajiri ile ile. Ugonjwa wa brusela na kifua kikuu cha ng'ombe hupitia humo.

Soda nayo ina jambo lake dogo ambalo halisemwi. Chupa hupozwa kwa kulazwa kwenye beseni la maji yenye mabonge ya barafu, na maji hayo ni yale yale tangu asubuhi, yakiingiwa na kila mkono. Mtoto anaweka midomo kwenye shingo ya chupa iliyotoka humo. Ifute kwa kitambaa safi, uisuuze kwa maji yako, au umimine kwenye kikombe chake.

Kipindupindu tunakijua hapa bila kusimuliwa. Kuanzia miezi ya mwisho ya 2023 na kuingia 2024 kilirudi Kanda ya Ziwa, na Simiyu, Mwanza na Shinyanga ni kati ya mikoa iliyoguswa. Hali hii inaumiza zaidi ukikumbuka kwamba maji ya Ziwa Victoria, yaliyosafishwa Ihelele wilayani Misungwi, yanafika Kahama na Shinyanga kwa bomba kubwa tangu mwishoni mwa miaka ya 2000. Maji yanayotoka kwenye bomba ni jambo moja. Maji yale yale baada ya kubebwa kwenye dumu lisilooshwa ndani, yakamiminwa kwenye ndoo isiyo na kifuniko na kuchotwa kwa kikombe kinachoshikwa na kila mtu, ni jambo jingine.

Ndiyo maana siridhiki na dawa inayotolewa kila mara mlipuko unapotokea, ya kuwafukuza wauza chakula. Lusaka iliwaondoa wachuuzi barabarani mwanzoni mwa 2018 wakati kipindupindu kilipopamba moto, na miji yetu nayo hukimbilia amri kama hizo. Mama lishe anayefukuzwa stendi anahamia uchochoroni, kusiko na maji kabisa, na abiria wanamfuata huko kwa sababu njaa haifukuzwi. Mpe koki ya maji hatua kumi kutoka kwenye jiko lake, choo kinachofanya kazi, na bwana afya anayekuja kumfundisha kabla ya kuja kumtoza faini. Kupika tayari anajua.

Mzazi, kwa upande wako, angalia namna kibanda kinavyonawisha. Ndoo yenye koki, maji yanayotiririka na kipande cha sabuni vinakuambia mengi kuhusu jikoni kulivyo. Beseni moja ambamo wateja wote wanachovya vidole linakuambia mengi pia. Na mtoto anawe kwa sabuni kila anapotoka chooni stendi, hata kama hatakula muda huo, kwa maana dakika tano baadaye vidole vitakuwa mdomoni. Vile vitakasa mikono vya chupa ndogo vinasaidia pasipo na maji, ila haviondoi tope wala mafuta.

Kwenye mialo ya dhahabu

Wasafiri wengi wa ukanda huu hawapiti tu. Wanakwenda machimboni, kwa ndugu waliohamia Kakola, Nyarugusu, Mgusu au Rwamgasa, na wanakaa huko wiki na watoto. Huko kuna hatari ambayo hakuna kijitabu cha watalii kinachoitaja.

Mchimbaji mdogo husaga mwamba kwenye karasha, akaosha unga wake mwaloni, yaani mahali pa kuoshea dhahabu, na kuuchanganya na zebaki, ambayo hunasa dhahabu. Tonge linalopatikana huchomwa, zebaki ikapaa kama mvuke na dhahabu ikabaki. Mvuke huo hauonekani na hauna harufu ya kumshtua mtu. Huharibu ubongo na neva, na walio hatarini zaidi ni mtoto mdogo na aliye bado tumboni. Sasa, penye wachimbaji pana njaa, na penye njaa mama lishe huweka jiko. Kuna vibanda vinavyopika hatua chache tu kutoka kwenye mialo na mahali pa kuchomea.

Dunia ilijifunza ubaya wa zebaki kwenye chakula katika mji wa Minamata, Japani, ambako taka za kiwanda ziliingia baharini, zikaingia ndani ya samaki, na kutoka kwa samaki zikawafikia watu. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki unaitwa kwa jina la mji huo, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Mkataba hauwezi kumwondoa mtoto wako kwenye benchi la kibanda, lakini wewe unaweza. Asile wala kukaa karibu na mahali dhahabu inapooshwa au kuchomwa, hata kama chakula kimetoka motoni sasa hivi. Samaki wa mashimo na vijito vinavyopokea maji ya mialo asipewe. Sato na dagaa wa Ziwa Victoria wanapatikana sokoni. Na dumu lililowahi kubeba kemikali lisiwekwe maji ya kunywa, hata likioshwa mara kumi. Hapa moto hausaidii. Kuchemsha kunaua vijidudu, zebaki haiguswi.

Ukivuka mpaka

Kigali inawashangaza wageni kwa usafi wake. Uchuuzi wa barabarani hauruhusiwi jijini, hivyo utatafuta sana mama lishe wa kando ya njia na hutamwona. Watu hula kwenye migahawa, na mchana chakula cha wengi ni melanji: unachukua sahani, unajipakulia wali, viazi, ndizi, maharage, isombe (kisamvu) na kipande cha nyama kutoka kwenye safu ya vyombo. Mzazi aliyetoka kwenye vumbi la barabara anapumua, anaona ameokoka. Aangalie mvuke kwanza. Barabara iliyofagiliwa haiweki wali kwenye joto. Nenda mapema, saa sita, vyombo vinapojazwa, na mchagulie mtoto kile kilicholetwa sasa hivi kutoka jikoni. Saladi ya mabichi muachie mtu mzima. Jambo jingine la Rusumo: Rwanda ilikataza mifuko ya plastiki tangu 2008, na hapa kwetu iliyo ya kubebea ilikatazwa Juni 1, 2019. Chakula cha mtoto kibebe kwenye vyombo vyenye vifuniko.

Njia ya Uganda ina sura nyingine. Ukitoka Mutukula, ukapita Masaka, utafika Lukaya, ambako wauzaji hukimbilia basi na vijiti vya nyama na kuku wa kuchoma pamoja na gonja, zile ndizi tamu za mkaa. Hapa sitaki kumtisha mtu, maana gonja inayotoka kwenye makaa ni miongoni mwa vyakula salama zaidi mtoto anavyoweza kula katika barabara yote hiyo. Kuku ndiye wa kuangaliwa. Aliyepoa dirishani akisubiri basi la pili na la tatu hafai, na aliyeiva juu huku mfupa ukitoa damu hafai zaidi. Kampala mtoto atataka rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai, na nitakuwa wa mwisho kumkatalia: inapikwa mbele ya macho yako kwa dakika tatu. Sema tu yai liive pande zote na nyanya mbichi zisiwekwe. Bujumbura kuna mishkaki, kuna samaki aina ya mukeke na ndagala wa Ziwa Tanganyika. Wakikaangwa mbele yako na kuliwa wakiwa moto, ni karamu.

Anayenyonya

Mtoto wa chini ya miezi sita ndiye abiria aliye salama kuliko wote akinyonyeshwa tu. Hahitaji maji, hata kwenye joto la Singida. Maziwa ya mama yana maji ya kumtosha. Chupa zenye chuchu za mpira zina tabu ya kuoshwa njiani, na mabaki ya maziwa ndani yake huchacha haraka. Kikombe kidogo na kijiko vinaoshwa kirahisi zaidi.

Aliyeanza kula, mbebee uji ndani ya chupa ya chai iliyosuuzwa kwa maji yanayochemka, ukamiminwa ukiwa bado unatokota. Unywewe ndani ya saa chache, usisubiri jioni.

Na kuna asali. Kanda yetu na Tabora ni nchi ya asali, inauzwa kando ya barabara kwenye chupa, na bibi wengi humlambisha mjukuu kidogo kwa baraka au kwa kikohozi. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asilambishwe asali hata tone, iwe mbichi au ya dukani. Inaweza kuwa na vijidudu vinavyotoa sumu ya kupooza ndani ya utumbo mchanga. Mkubwa akiila haimdhuru.

Kabla ya safari pitia kadi ya kliniki. Chanjo ya rota, inayokinga aina mbaya ya kuhara kwa wachanga, inatolewa nchini tangu 2013, akiwa na wiki sita na tena wiki kumi. Ikiwa aliikosa, wahi kliniki mapema umuulize muuguzi, kwa sababu ina mwisho wa umri.

Akianza kuharisha

Hata mzazi makini anaweza kufikwa. Kinachoua mtoto anayeharisha ni kupoteza maji na chumvi, na dawa yake ni ya bei ndogo kuliko soda. Mwaka 1968, mjini Dhaka, madaktari David Nalin na Richard Cash walionyesha kwamba wagonjwa wa kipindupindu wanaweza kutibiwa kwa kunyweshwa maji yenye sukari na chumvi kwa vipimo sahihi. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi Bongaon, India, Dkt. Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu akawatumia ndugu wa wagonjwa kunywesha mchanganyiko huo. Vifo vilishuka kutoka karibu 30 kwa kila wagonjwa 100 hadi chini ya vinne.

Mchanganyiko huo ndio ORS ya leo. Weka pakiti mbili au tatu mkobani kabla ya nguo. Soma kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti na usikadirie. Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo cha maji, mkubwa zaidi ya hapo mililita 100 hadi 200. Mpe kwa kijiko, kidogo kidogo. Akitapika subiri dakika kumi, uanze tena polepole. Ikikosekana kabisa, lita moja ya maji salama, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi vitamvusha hadi kwenye huduma. Aendelee kunyonya na kula. Vidonge vya zinki apewe kwa siku 10 hadi 14, miligramu 20 kwa siku, au 10 ikiwa hajafika miezi sita.

Usikimbilie duka la dawa kununua Flagyl au vidonge vya kufunga tumbo. Vya kufunga tumbo ni hatari kwa mtoto, na dawa za kuua bakteria zinahitaji mganga aamue. Shuka kwenye basi, hata kama tiketi inapotea, ukiona damu kwenye choo, macho yameingia ndani, analia bila machozi, ngozi ya tumbo ikivutwa inarudi taratibu, anatapika kila anachopewa, hawezi kunywa, amelegea au amepata degedege. Hospitali ya karibu ndiyo mwisho wa safari hiyo.

Mkirudi salama, msifunge hesabu mapema. Sumu ya wali hujitokeza ndani ya saa moja hadi sita, kipindupindu ndani ya saa chache hadi siku tano, lakini taifodi hukaa kimya wiki moja hadi tatu, na homa ya ini aina ya A inaweza kufika wiki saba. Mtoto anaweza kupata homa akiwa amesharudi darasani Nyasubi, na kwa kuwa hapa malaria ni jambo la kila siku, watu wote watafikiria malaria. Mpime malaria, na umwambie mganga mlikuwa nchi gani, lini, na mtoto alikula na kunywa nini huko.